Kurudia Video ya Wimbo Shoti kwa Shoti: Mwongozo Kamili kwa Vikundi Ambavyo Midomo Haiendani na Sauti

Kazi za wanafunzi ninazoletewa zina ugonjwa mmoja. Picha safi, mavazi yamependeza, wacheza ngoma wamejituma, lakini mwimbaji anafungua mdomo wakati neno limeshapita. Nikiuliza, naambiwa programu ya kuediti ni mbovu au kompyuta ni nzito. Hapana. Mara nyingi kosa lilifanyika siku ya kurekodi, au wiki nzima kabla yake, kisha edita akakabidhiwa maiti na kuambiwa aifufue.

Zoezi lenyewe ni hili: kikundi kinachagua video ya wimbo unaojulikana, kinakata kipande chake, na kukirudia shoti kwa shoti (shoti ni picha inayokwenda bila kukatwa) kwa nyuso na mikono yao wenyewe. Nalipenda kuliko mazoezi yote ya kamera kwa sababu lina majibu tayari. Ukitunga video yako, kosa unaweza kuliita mtindo. Ukirudia ya mwenzio, ya kwake hii hapa na yako hii hapa, na kila mtu anaona pengo liko wapi.

## Vifaa, kabla ya jambo lolote

- Simu moja ya kurekodia, hiyohiyo tangu shoti ya kwanza hadi ya mwisho. Simu mbili za aina tofauti hutoa rangi mbili tofauti, na kuzilinganisha baadaye ni kazi ya usiku kucha.
- Simu ya pili ya kupigia wimbo. Simu inayorekodi isipewe kazi nyingine.
- Sabufa au spika inayosikika vizuri uwanjani. Iwe ya waya au ya kuchomeka flashi.
- Stendi ya simu. Kama hamna, mfuko wa maharage juu ya stuli unashika simu vizuri sana.
- Kompyuta au simu ya kueditia. DaVinci Resolve ina toleo la bure lakini inataka mashine yenye nguvu. Kdenlive ni ya bure na nyepesi zaidi. CapCut inatosha kwa wenye simu tu.
- VLC ya kuchambulia video na HandBrake ya kubadilishia faili. Zote mbili ni za bure.
- Chaki au tepu ya karatasi ya kuweka alama za miguu, kitambaa laini cha kufutia lenzi, pawabenki, na maji ya kunywa.
- Watu watano wenye kazi zao: mwimbaji, mpiga picha, mtu wa wimbo, dairekta, na mtu wa kumbukumbu anayeandika kila kinachorekodiwa.

Tengeni wiki moja ya maandalizi, siku moja ya kurekodi na siku tatu za kuediti. Kikundi kinachotaka kumaliza yote Jumamosi moja kitarudi Jumamosi inayofuata.

## Hatua ya 1: Chagueni video mnayoiweza, kisha mkate kipande

Msirudie wimbo mzima. Chukueni sekunde 60 hadi 90, nusu ubeti na kiitikio kimoja. Kama shoti moja hukaa sekunde 2 kwa wastani, sekunde 90 ni shoti 45. Hiyo ni kazi ya kutosha kwa siku nzima yenye jua zuri.

Tazameni mambo manne. Mwimbaji aonekane usoni akiimba kwa muda mrefu, maana uigizaji wa uso ndio mnaojifunza. Mahali pawe panafikika kwa miguu au kwa nauli moja ya daladala. Mavazi yapatikane kwenye kabati za nyumbani. Na mwendo wa wimbo uwe wa wastani. Singeli naipenda, ila si ya kuanzia: biti zake, yaani mapigo ya muziki, zinaweza kupita 200 kwa dakika na maneno yanamwagika bila pumzi. Wimbo wa biti 90 hadi 110 unampa mwimbaji nafasi na unampa edita nafasi.

Tahadhari: sauti iliyo kwenye video mara nyingi si sawa na ile inayouzwa kama wimbo peke yake. Video huwa na kipande cha maongezi mwanzoni, au biti imesimamishwa katikati mtu ashuke garini. Wekeni sauti zote mbili kwenye programu ya kuediti, moja juu ya nyingine, msikilize mwanzo na mwisho. Zikiachana, fuateni ile ya kwenye video. Kisha chagueni faili moja tu la sauti, mlipe jina, na hilohilo ndilo litapigwa kwenye mazoezi, siku ya kurekodi, na kwenye kuediti. Nimeona kikundi kikifanya mazoezi kwa faili moja na kurekodi kwa jingine, na hawakuelewa kwa nini kila mstari wa pili unateleza.

Mmefaulu kama: kila mwanakikundi anaweza kusema kipande kinaanzia neno gani na kinaishia neno gani.

## Hatua ya 2: Chambueni kila shoti

Fungueni video kwenye VLC. Mkibonyeza herufi E, video inasogea fremu moja moja, yaani picha tuli moja baada ya nyingine. Kwa kufanya hivyo mtaona mahali hasa shoti moja inapokatika na nyingine inapoanza, jambo ambalo jicho haliwezi kulishika video ikiwa inakimbia.

Chora jedwali lenye safu hizi: namba ya shoti, inaanza dakika na sekunde gani, inakaa muda gani, ukubwa wa picha (uso tu, kifua kwenda juu, mwili mzima), kamera imetulia au inatembea, nani yumo, maneno gani yanaimbwa, amevaa nini, mwanga unatoka upande gani, macho yanaangalia wapi. Piga picha ya kila shoti na uiweke pembeni ya namba yake. Siku ya kurekodi mpiga picha ataishika picha hiyo mkononi, akilinganisha na anachokiona kwenye simu.

Safu ya mwanga na safu ya macho ndizo wanafunzi huzirukaruka. Mwimbaji anaangalia kamera, au anaangalia pembeni kushoto? Macho yakigeuka upande usio wake, shoti haitashikana na inayofuata hata kama mengine yote ni sahihi.

Tazameni pia shoti za mwendo wa taratibu. Mtazijua hivi: midomo inaenda sawa na wimbo, lakini nguo na nywele zinaelea kama ziko majini. Ziwekeeni nyota kwenye jedwali. Zina utaratibu wake katika hatua ya 4.

Mmefaulu kama: mtu ambaye hajawahi kuiona video anaweza kuielewa kwa kusoma jedwali tu.

## Hatua ya 3: Mfundisheni mwimbaji kuimba kweli

Hapa ndipo vikundi vingi vinapoanguka, na hapa ndipo ninapotaka mkae muda mrefu.

Kuna binti mmoja aliyewahi kunijia na simu yake. "Mwalimu, mbona mimi najua maneno yote lakini naonekana kama nadanganya?" Nikamwomba asimame aimbe kama alivyofanya siku ya kurekodi. Midomo ilikuwa inatembea vizuri kabisa, tena kwa wakati. Nikamwambia aweke vidole viwili kooni. Koo lilikuwa limetulia kama la mtu aliyelala. Mabega hayakupanda hata mara moja. Alikuwa anapiga midomo tu bila kutoa sauti, kwa sababu aliona aibu mbele ya wenzake. Nikamwambia aimbe kwa sauti, hata kama anakosea noti, hata kama majirani watachungulia. Mstari wa pili tu, mishipa ya shingo ikaonekana, kidevu kikashuka, na kabla ya neno la kwanza la kiitikio kifua kikajaa pumzi. Hakubadilisha kingine chochote.

Sheria yangu ni moja: mwimbaji aimbe kwa sauti kamili katika kila shoti. Sauti yake haitatumika, lakini mwili wake utatumika. Kamera inaona pumzi.

Mazoezi yaende hivi, dakika 30 kwa siku, kwa siku tano:

Siku ya kwanza, masikio. Sikiliza kipande bila kuimba, ukiandika kila kinachosikika. Usiandike maneno peke yake. Andika "eeh" ya pembeni, kicheko, mahali msanii anapovuta pumzi, mahali anapomeza silabi. Msanii akiimba "nimekukumbuka" huenda silabi moja haisikiki kabisa. Wewe ukiitamka yote, mdomo wako utachelewa.

Siku ya pili na ya tatu, mdomo. Imba pamoja na wimbo, mstari mmoja mara kumi, kisha unaofuata. Usiunganishe mistari kabla ya kuiweza mmoja mmoja. Rekodi uso wako kwa simu na ujitazame bila huruma.

Siku ya nne, uso na mwili. Sasa tazama jedwali: mstari huu anacheka, huu anafumba macho, huu anatikisa kichwa kwenye biti ya tatu. Fanya kila kitu kikubwa kidogo kuliko unavyoona inafaa, kwa sababu kamera hupunguza. Kinachoonekana kupita kiasi chumbani huonekana cha kawaida kwenye kioo cha simu.

Siku ya tano, yote kwa pamoja, na mavazi na viatu vyenyewe. Viatu vya kisigino vinabadilisha jinsi mtu anavyosimama na anavyovuta pumzi.

Tahadhari: msimchague mwimbaji kwa sura au kwa sababu simu ni yake. Mchagueni anayeweza kurudia mstari mmoja mara ishirini bila kununa.

Mmefaulu kama: mnazima sauti ya simu, mnatazama rekodi ya mazoezi, na mtu wa nje anaweza kusema ni neno gani linaimbwa.

## Hatua ya 4: Andaeni wimbo wa kupiga siku ya kurekodi

Kwenye programu ya kuediti, wekeni milio minne mifupi kabla ya kipande kuanza, ikifuata mwendo wa biti: ti, ti, ti, ti, kisha wimbo unaingia. Milio hii inafanya kazi mbili. Mwimbaji anajua aingie wapi bila kushtuka, na edita anapata alama kali ya kulinganishia sauti.

Kateni pia matoleo mafupi: ubeti peke yake, kiitikio peke yake, kila moja na milio yake minne. Mkiwa mnarudia shoti ya sekunde 3 mara nane, hamtataka kusubiri wimbo ufike katikati kila mara.

Sasa zile shoti za nyota, za mwendo wa taratibu. Ukimrekodi mtu akiimba kawaida halafu ukapunguza kasi, midomo yake nayo itachelewa. Kinachofanyika ni hiki: tengenezeni toleo la wimbo lenye kasi mara mbili, mwimbaji aimbe haraka kulifuata, na simu irekodi fremu 60 kwa sekunde. Kwenye kuediti mnapunguza kasi ya picha iwe nusu, inakuwa fremu 30 kwa sekunde, na midomo inarudi kwenye mwendo wa wimbo halisi huku nguo zikielea. Wakati wa kurekodi inaonekana kama vurugu, msijali. Fanyeni kwa mistari mifupi tu, kwani kuimba kwa kasi mara mbili kunachosha ulimi.

Spika ikae karibu na mwimbaji, nje ya picha, na sauti iwe kubwa. Sababu ni ya kifizikia. Sauti husafiri kama mita 340 kwa sekunde. Fremu moja ya video ya fremu 30 kwa sekunde ni sehemu moja ya thelathini ya sekunde, na katika muda huo sauti imekwenda takriban mita 11. Kama spika iko kwa mwimbaji na simu inayorekodi iko mita 22, sauti iliyoingia kwenye simu imechelewa fremu 2 nyuma ya midomo. Kwenye shoti za mbali, basi, msiiamini sauti ya simu. Fuateni macho.

Spika za bluetooth ninazikwepa. Zinakatika katikati ya mstari, na nyingine hulala zenyewe wimbo ukikaa kimya kidogo, halafu mlio wa kwanza haupigwi.

Tahadhari kubwa kuliko zote: wimbo lazima usikike kwenye simu inayorekodi. Kikundi kimoja nilichokisimamia kilipiga wimbo kwa kipokea sauti cha sikioni ili mwimbaji "asikie vizuri." Jioni tulikuwa na vipande 38 vyenye sauti ya upepo na kunguru tu. Tulilinganisha midomo kwa macho, kipande kimoja kimoja, kwa siku tatu. Kosa lilikuwa langu, sikukagua kipande cha kwanza kabla ya kuendelea.

Mmefaulu kama: mnarekodi sekunde kumi za majaribio, mnasikiliza, na milio minne inasikika wazi.

## Hatua ya 5: Wekeni simu sawa, kisha msiiguse

Chagueni fremu 30 kwa sekunde na ukubwa wa 1080p. Kama simu yenu inatoa 25 na video asilia ni ya 25, tumieni 25. Lililo muhimu ni kuwa na namba moja kwa kila shoti ya kawaida na kwa mradi wa kuediti.

Bonyezeni kioo kwa muda mahali penye uso mpaka simu ifunge mwanga na fokasi. Usipofanya hivyo, mwimbaji akisogea simu itabadilisha mwanga yenyewe katikati ya shoti.

Ndani ya nyumba, umeme wetu ni wa hezi 50, na taa nyingi humetameta kwa kasi inayotokana na hiyo. Mkiona mistari inayopanda na kushuka kwenye picha, tafuteni programu ya kamera inayoruhusu kuweka kasi ya shata (muda ambao kila fremu inapokea mwanga), kama Open Camera au Blackmagic Camera, mkaweka 1/50 au 1/100. Mistari itatoweka au kupungua sana.

Wekeni simu kwenye hali ya ndege. Futeni lenzi. Hakikisheni nafasi: dakika moja ya 1080p inaweza kula megabaiti 60 hadi 150 kulingana na simu, na mtarekodi dakika nyingi kuliko mnavyofikiri.

## Hatua ya 6: Siku ya kurekodi

Anzeni mapema. Kati ya saa 1 na saa 4 asubuhi jua liko pembeni na nyuso zinapendeza. Kuanzia saa 5 jua linapanda utosini, macho yanageuka mashimo meusi, na kila mtu anakunja uso. Tumieni mchana kwa shoti za ndani au za kivulini, mrudi nje saa 10 jioni.

Utaratibu wa kila eneo ni huu:

1. Rekodini kwanza kipande kizima bila kukata, kamera ikiwa mbali, mwili mzima ukionekana. Fanyeni mara mbili. Hii ni akiba: shoti yoyote ikiharibika, edita ana pa kukimbilia.
2. Kisha kipande kizima tena, kifua kwenda juu.
3. Kisha nyuso, kwa vipande.
4. Mwisho mikono, miguu, vitu vidogo, na wacheza ngoma.

Msifuate mpangilio wa wimbo. Fuateni mahali na mavazi. Shoti zote za ukutani zimalizwe ukutani, hata kama moja iko mwanzo na nyingine mwisho wa wimbo.

Kila mara, mtu wa kumbukumbu anasema namba ya shoti na mara ya ngapi mbele ya simu, "shoti kumi na nne, mara ya tatu," halafu anapiga kofi moja ndani ya picha. Kisha wimbo. Mwimbaji aanze mstari mmoja kabla ya anaotakiwa na aendelee nusu mstari baada yake. Dairekta asiseme "kata" neno linapoisha. Ahesabu moja, mbili, ndipo aseme. Edita akikosa fremu za pembeni hana pa kuvutia.

Mtu wa kumbukumbu ndiye mtu muhimu kuliko wote siku hiyo, na mara nyingi hupewa yule ambaye hakupata kazi nyingine. Mpeni mwenye jicho. Yeye ndiye atakayeona kwamba kanga ilikuwa imefungwa bega la kulia na sasa iko la kushoto, kwamba chupa ya soda ilikuwa nusu na sasa imeisha, kwamba jasho limefuta poda kwenye paji la uso. Apige picha ya mwimbaji kila eneo likianza na likiisha.

Mmefaulu kama: kabla ya kuondoka kila eneo, mmetazama angalau kipande kimoja cha kila shoti, na kila namba ya jedwali ina alama ya vema.

## Hatua ya 7: Hamisheni na mnyooshe faili

Nakilini vipande vyote kwenye sehemu mbili tofauti kabla ya kufuta chochote kwenye simu. Vihamisheni kwa waya, si kwa WhatsApp kama video ya kawaida, maana itavibana na kuvififisha.

Hapa kuna adui asiyeonekana. Simu nyingi hazirekodi fremu 30 kamili kila sekunde. Kwenye mwanga hafifu au simu ikipata joto zinapunguza, kisha zinaongeza. Kwenye simu hutaona kitu. Kwenye programu ya kuediti, mwanzo wa kipande midomo inaenda sawa, na ikifika sekunde ya 40 imeachana na sauti. Dalili ni hiyo hasa: inaanza vizuri, inaharibika kadiri inavyoendelea.

Dawa: pitisheni kila kipande kwenye HandBrake, sehemu ya video mchague fremu 30 na "Constant Framerate," yaani idadi ya fremu isiyobadilika. Vile vya fremu 60 viwekwe 60. Inachukua muda, acheni kompyuta ifanye usiku. Baada ya hapo fanyeni kazi na faili mpya tu.

## Hatua ya 8: Linganisheni sauti na midomo

Wekeni wimbo kwenye taimulaini (ule mstari wa muda ambapo vipande hupangwa) kwanza, na muufunge usisogee. Huo ndio msingi. Kila picha itakuja kwake, wenyewe hauendi popote.

Leteni kipande kimoja. Angalieni michoro ya sauti, ile yenye milima na mabonde. Tafuteni milio minne kwenye kipande na kwenye wimbo, msogeze kipande mpaka milima ilingane. Chezeni vyote viwili pamoja: mkisikia mwangwi, bado, mwangwi ukiisha na sauti zikawa kama moja, mmekaribia. DaVinci Resolve na Kdenlive zinaweza kulinganisha kwa sauti zenyewe, lakini jifunzeni kwanza kwa mkono, ili zikikosea mjue.

Kisha zimeni sauti ya kamera na mtumie macho. Kiswahili kimetupa kipimo kizuri sana hapa. Herufi m, b na p haziwezi kutamkwa bila midomo kufungana. Tafuteni neno kama "mama," "baba," "pembeni," "moyo." Simamisheni taimulaini pale herufi inaposikika, msogee fremu moja moja. Midomo lazima iwe imefungwa kwenye fremu hiyo au fremu moja jirani. Kama imefunguka wakati wa "m," sogezeni kipande fremu moja kushoto au kulia mtazame tena. Msipimie kwa "a" au "e". Mdomo wazi unafanana na mdomo wazi.

Fanyeni kipimo hiki mara mbili kwa kila kipande kirefu: neno la mwanzoni na neno la mwishoni. Likikubali la mwanzoni na kukataa la mwishoni, rudini hatua ya 7.

Mmefaulu kama: mtu ambaye hakuwepo anatazama bila kuambiwa chochote, na hasemi lolote kuhusu midomo.

## Hatua ya 9: Kateni mkifuata asilia, kisha muifiche

Wekeni video asilia kwenye mstari wa juu kabisa, muipunguze iwe dirisha dogo la pembeni. Kateni vipande vyenu palepale anapokata yeye. Kazi ni ya kufuata tu, lakini vidole vinajifunza. Baada ya shoti kumi mtaanza kukisia pa kukata kabla ya kuangalia.

Hesabu kidogo inasaidia. Wimbo wa biti 100 kwa dakika una biti moja kila sekunde 0.6, yaani kila fremu 18 mkiwa kwenye 30. Mkigundua asilia inakata kila fremu 36, mmeshaelewa kwamba edita wake anakata kila biti ya pili. Angalieni pia ni lini anavunja utaratibu huo, kwa sababu hapo kuna jambo: neno zito, macho yanayogeuka, mchezaji anayeruka. Andikeni sehemu hizo tatu au nne na mzijadili. Darasa la kuediti liko humo kuliko kwenye vitufe vya programu.

Mkimaliza, ondoeni dirisha la asilia mtazame ya kwenu peke yake, mara tatu. Shoti iliyokatwa sahihi kwa hesabu lakini inayokwaruza jicho, ivuteni fremu moja au mbili. Mimi huona ukataji unakaa vizuri zaidi ukitangulia biti kwa fremu moja kuliko ukichelewa.

Rangi iwe ya mwisho. Linganisheni ngozi za watu kwanza, kuta na anga baadaye. Vibandiko vya rangi vya kwenye simu huifanya ngozi nyeusi kuwa ya kijivu au ya machungwa; punguzeni nguvu zake hadi ngozi irudi kuwa ya mtu mnayemjua.

## Hatua ya 10: Toeni faili na muonyeshe

Toeni faili kwa H.264, aina ya ubanaji wa video, na fremu zilezile za mradi. Tengenezeni na la pili: skrini imegawanywa, asilia kushoto, yenu kulia, wimbo mmoja. Hilo ndilo la kuonyesha darasani. Simamisheni kila baada ya shoti tano, na anayeeleza asiwe dairekta peke yake. Mwimbaji aeleze uso wake, edita aeleze mikato yake, mtu wa kumbukumbu aeleze kilichomponyoka.

Kuonyesha darasani ni jambo moja, kutundika hadharani ni jingine. Wimbo una mwenyewe, na video ina mwenyewe, wanaolindwa na Sheria ya Hakimiliki na Hakishiriki ya 1999 Tanzania na Sheria ya Hakimiliki ya 2001 Kenya. YouTube ina mfumo unaotambua sauti wenyewe. Video yenu inaweza kuzuiwa, au matangazo yakawekwa na pesa zikaenda kwa mwenye wimbo. Kama mnataka iwe hadharani, ombeni ruhusa kwa maandishi. Na kama kuna aliye chini ya miaka 18 kwenye picha, mzazi au mlezi wake akubali kabla, akijua itaonekana wapi.

Mkituma kwa WhatsApp ili mwalimu aitazame, itumeni kama dokumenti, si kama video. Ikitumwa kama video itabanwa, na fremu mlizozipigania kwenye hatua ya 8 mwalimu hataziona.